Nimekulia baharini Kilifi. Je, naweza kuteleza mawimbini Kanada wakati wa baridi?

*"Shikamoo mwalimu. Nimezaliwa Kilifi, na kuogelea nilijua kabla sijaanza shule. Sasa nina miaka 34, niko Toronto mwaka wa nne. Novemba iliyopita nilipita kando ya Ziwa Ontario, upepo unavuma, theluji nyepesi inaanguka, nikaona watu kama sita wamo majini na mbao zao wanateleza juu ya mawimbi. Tangu siku hiyo roho yangu iko kule. Lakini kila mtu ana lake. Mume wangu anasema damu ya mtu wa Pwani haiwezi baridi ile, nitaganda nife. Rafiki yangu wa Montreal anasema nianze na wimbi la mtoni kwao kwa sababu halisogei. Mwingine ananiambia ziwa si bahari, halina papa wala maji kupwa na kujaa, kwa hiyo ni rahisi, na suti nyembamba ya mpira ya kuvaa majini inatosha mradi usikae bure. Nimeona suti ya milimita 3 inauzwa nusu bei. Ninunue? Na nianzie wapi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu nami ni mtoto wa Pwani, wa Tanga, na kazi yangu ya kufundisha watu usalama wa maji ya baridi hapa Kanada ilianzia palepale uliposimama wewe: nimevaa koti ufukweni, nawatazama watu majini, najiambia kwamba maji ni maji tu. Nalielewa swali lako hivi: una ujuzi ulioupata kwenye maji ya nyuzi 27, na unataka kujua ni kiasi gani cha ujuzi huo kitakufaa kwenye maji ya nyuzi 8. Kitakufaa, ila si katika lile unalolitegemea zaidi. Suti ile usiinunue. Na mtoni usianzie.

Nianze na mume wako, maana hofu yake ina haki ingawa sababu aliyoitoa siyo. Yeye anadhani baridi huua kwa kugandisha, na hata wazaliwa wa hapa wengi wanadhani hivyo. Lakini mtu mzima akitumbukia kwenye maji yanayokaribia kuganda, joto la ndani ya mwili wake huchukua nusu saa au zaidi kabla halijashuka chini ya nyuzi 35, pale madaktari wanapoanza kusema mwili umepoa kupita kiasi. Wengi wanaokufa katika maji ya baridi hawafiki huko. Hufa mapema, na hufa kwa kuzama.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jambo hili hadi kujitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu, analifundisha kwa hesabu nyepesi: moja, kumi, moja. Una dakika moja ya kuirudisha pumzi yako. Una kama dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inakutii. Una kama saa moja kabla hujapoteza fahamu kwa kupoa. Hesabu hiyo ni ya mtu asiye na suti. Suti nzuri hurefusha sana vipindi viwili vya mwisho, ila kile cha kwanza inakipunguza makali tu.

Dakika ile ya kwanza ndiyo ninayotaka uielewe kuliko yote. Maji ya baridi yakigusa ngozi kwa ghafla, mwili huvuta pumzi kubwa bila kukuomba ruhusa, kama kope inavyofumba ukirushiwa mchanga. Kisha unahema haraka haraka, moyo unakwenda mbio na shinikizo la damu linapanda. Mwogeleaji hodari na asiyejua kuogelea wote huvuta pumzi ileile. Kichwa kikiwa juu, hofu itapita. Kichwa kikiwa chini ya wimbi wakati huohuo, unachovuta ni maji. Na maji hayahitaji kuwa ya barafu: kuanzia nyuzi 15 kushuka chini mshtuko huu tayari ni mkali.

Habari njema ni kwamba mwili unafundishika. Ukiingia kwenye maji ya baridi kwa dakika mbili tatu, mara tano au sita katika siku tofauti, mshtuko hupungua sana, na faida hiyo hudumu kwa miezi. Ndiyo maana mwanafunzi wangu haruhusiwi kugusa ubao siku ya kwanza. Anaingia kwa miguu hadi kiunoni, analowesha uso na shingo, anatoa pumzi polepole na kungoja. Akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, ndipo anasonga mbele. Kuruka ndani kwa kishindo kama tulivyokuwa tukifanya gatini utotoni, kuache kabisa.

Zile dakika kumi zinahusu mikono. Neva na misuli ya vidole hupoa mapema kuliko kifua, na vidole vikipoa havishiki ubao, havifungui zipu, havipigi simu. Mwezi Machi mmoja nilitoka majini pale Lawrencetown, karibu na Halifax, najiona mzima kabisa, nikasimama mbele ya gari langu nisiweze kuuzungusha ufunguo mlangoni. Upepo unanipiga, suti imelowa, gari lina joto ndani na mimi niko nje. Mpita njia mmoja ndiye aliyenifungulia. Tangu hapo siingii majini peke yangu, na ufunguo wa gari huuacha kwa mtu aliye nchi kavu mwenye vidole vikavu.

Sasa lile neno la damu ya Pwani. Kwa upande wa mshtuko na wa kuzama hakuna damu inayomlinda mtu wala inayomponza. Lakini nisikufiche: uchunguzi miongoni mwa wanajeshi wa Uingereza na wa Marekani umeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika huumia zaidi vidole vya mikono na miguu kwa baridi, hata pale ngozi isipoganda. Mishipa midogo ya damu vidoleni hujifunga kwa nguvu zaidi na hukawia kufunguka. Kwako maana yake ni glavu na viatu vizito kuliko wanavyovaa wenzako, na kutoka majini mapema kuliko wao. Wakikuambia "bado kidogo", wewe toka. Wao wanasema kwa vidole vyao.

Hapo ndipo suti ya milimita 3 inapokataliwa. Watu wengi hudhani suti ya neopreni humfanya mtu awe mkavu. Sivyo, maji huingia. Kinachokinga ni mpira wenyewe, uliojaa vipovu vidogo vya gesi, na gesi haipitishi joto kwa urahisi. Maji yaliyoingia hubaki kama utando mwembamba kati ya mpira na ngozi, mwili wako ukayapasha moto. Suti ikiwa pana, kila wimbi huyasukuma nje yale uliyoyapasha na kuingiza mapya, na maji hubeba joto la mwili kwa kasi ya kama mara 25 kuliko hewa. Kwa hiyo inavyokukaa ni muhimu kama unene wake: isiwe na mfuko wa maji mgongoni wala kwapani, na kuivaa kukutoe jasho.

Unene hupimwa kwa milimita, namba ya kwanza ni kifuani, ya pili ni mikononi na miguuni. Milimita 3 kwa 2 ni ya maji ya nyuzi 18 hivi kwenda juu. Maji ya nyuzi 12 hadi 17 yanataka 4 kwa 3. Chini ya 12 nenda 5 kwa 4 pamoja na kofia ya neopreni, glavu na viatu. Novemba na Desemba ziwani, mimi huvaa 6 kwa 5 yenye kofia iliyoshonwa pamoja na suti, glavu za milimita 7 na viatu vya milimita 7. Huyo rafiki anayesema suti nyembamba inatosha ukijishughulisha anasahau kwamba mara nyingi hapa unakaa juu ya ubao unangoja, upepo wa nyuzi sifuri unakupitia. Pia misuli inayofanya kazi huita damu mikononi na miguuni, na huko ndiko joto linakotorokea.

Jambo dogo la kichwa, kwa kuwa wewe ni mwanamke: nywele zilizosukwa zikifungwa fundo kubwa kisogoni huinua kofia na kufungua njia ya maji shingoni. Ziteremshe mgongoni, ndani ya suti. Na uvae vizibo vya masikio. Baridi na upepo vikiingia sikioni mwaka baada ya mwaka, mfupa wa ndani ya tundu huota na kuliziba taratibu. Nimeona wenzangu wakifanyiwa upasuaji kwa sababu hiyo, na kizibo ni kitu cha dola chache.

Tuje ziwani. Ni kweli hakuna papa, na kupwa na kujaa kwake ni sentimita chache tu. Lakini aliyekuambia kwamba kwa hiyo ni rahisi amekosea. Kumbuka Kilifi ulijifunzia wapi: upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe. Wimbi la Bahari ya Hindi lilikuwa limeshavunjika huko nje kabla halijakufikia, nawe ukaogelea katika maji yaliyokwisha kutulizwa. Ziwa Ontario halina mwamba wa kukuvunjia mawimbi.

Tena mawimbi yenyewe ni ya aina nyingine. Bahari kuu hupokea mawimbi yaliyozaliwa mbali sana, na katika safari hiyo yanajipanga. Pwani ya Pasifiki yanaweza kufika kila baada ya sekunde 10 hadi 15, na kati yake unapata nafasi ya kupumua. Ziwani wimbi huzaliwa na upepo unaovuma hapohapo. Ziwa Ontario lina urefu wa kilomita 311 kutoka mashariki hadi magharibi, na upepo wa mashariki ukilipitia lote, upande wa Toronto hupata mawimbi makubwa, lakini yamebanana, sekunde 5 au 6 kati ya moja na jingine. Ukiangushwa na moja, la pili liko juu ya kichwa kabla hujafungua macho. Upepo ukitulia, kwa saa chache tu ziwa linalala. Ndiyo maana uliwaona watu wale katika theluji. Haikuwa kwamba wanaipenda baridi kuliko Julai. Julai ziwa limetulia kama maji ya kisima, na dhoruba zenye nguvu huja kati ya Septemba na Desemba. Meli ya mizigo Edmund Fitzgerald, yenye urefu wa zaidi ya mita 220, ilizama katika Ziwa Superior tarehe 10 Novemba 1975 na watu wote 29 waliokuwamo. Wanaozoea maziwa haya huiheshimu Novemba.

Kuna na suala la chumvi. Kwetu maji ya ziwa na mto huitwa maji baridi hata yakiwa ya moto, kwa maana ya kwamba hayana chumvi, na ukosefu huo utausikia mwilini. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 25 hivi zaidi ya lita moja ya maji ya ziwa, na kadiri maji yanavyokuwa mazito ndivyo yanavyokubeba. Ubao wa lita 60 ukizamishwa wote, baharini unabeba kama kilo moja na nusu zaidi ya ziwani. Mwili wako nao vivyo hivyo. Kule Kilifi ukichoka unalala chali na bahari inakushika. Ziwani utaona miguu inashuka. Suti nene hurudisha sehemu kubwa ya upungufu huo, lakini chagua ubao mkubwa kuliko ule ambao ungeuchagua baharini.

Jihadhari na magati na kuta za mawe. Maji yaliyosukumwa ufukweni hutafuta njia ya kurudi, na mara nyingi huipata kando ya ukuta, yakienda nje kwa kasi. Mkondo wa namna hiyo ukikubeba, usishindane nao. Baki juu ya ubao, toka kwa kwenda pembeni, mbali na ukuta. Na baada ya mvua kubwa, mabomba ya zamani ya jiji humwaga maji machafu ziwani, kwa hiyo kanuni ni kungoja siku mbili. Hapa kuna mgongano nisioweza kuutatua, maana dhoruba ileile inayoleta mawimbi ndiyo inayoleta uchafu. Mwenye kidonda asiingie.

Na wimbi la Montreal? Rafiki yako anasema kweli kwamba halisogei, ila hilo silo linalolifanya rahisi. Baharini umbo la wimbi husafiri na maji hubaki karibu palepale. Mtoni ni kinyume chake: maji hukimbia, yakateremka juu ya mwamba ulio chini, yakakutana na maji ya kina yanayokwenda polepole, yakajikunja na kusimama. Wewe unasimama mahali pamoja juu ya ubao huku mto wote unapita chini yako. Kama umewahi kuona maporomoko ya Naili pale Jinja, umeona jambo lenyewe, ila kule maji ni ya joto. Wimbi mashuhuri la Montreal huitwa Habitat 67, kwa jina la majengo yaliyo ukingoni, aliyoyabuni Moshe Safdie kwa maonyesho ya dunia ya mwaka 1967. Corran Addison, mpiga kasia mzaliwa wa Afrika Kusini, ndiye aliyeanza kuliteleza mwaka 2002. Ni Mto Saint Lawrence huo, wenye maelfu ya mita za ujazo za maji kila sekunde. Ukianguka haukungoji.

Mtoni kuna sheria mbili ambazo mtu wa baharini hazijui, na kutozijua kunaua. Ya kwanza, usijaribu kusimama kwenye maji yaendayo kasi, hata kama yanafika magotini. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi na hutainuka. Lala chali, miguu mbele, elea hadi kwenye maji yaliyotulia pembeni. Ya pili, kamba inayofunga ubao kwenye kifundo cha mguu, ambayo baharini ni rafiki, mtoni ni mtego. Mwaka 2025 mjini Munich, Ujerumani, mwanamke aliyekuwa akiteleza kwenye wimbi la mto Eisbach alinaswa kwa kamba yake chini ya maji, akafariki siku chache baadaye. Mtoni ama huvai kamba, ama unavaa ya kiunoni inayofunguka kwa mvuto mmoja, pamoja na helmeti na jaketi okozi. Mto ni wa mwaka wako wa pili au wa tatu, na mwalimu wa mto pembeni.

Uanzie wapi, basi? Una njia mbili nzuri. Ukiwa na nauli, nenda Tofino, katika kisiwa cha Vancouver, pwani ya Pasifiki. Maji yake ni ya baridi mwaka mzima, nyuzi 8 hivi wakati wa baridi na 14 hivi kiangazi, lakini fukwe kama Cox Bay na Chesterman ni za mchanga, pana, na shule za kukodisha suti na kufundisha zipo nyingi. Siku nne za Julai huko zitakufundisha kuliko mwaka mzima wa kuhangaika peke yako.

Kama nauli hakuna, njia yako ni Septemba palepale Toronto. Ziwa hukawia kupoa kama lilivyokawia kupata joto, hivyo mwanzoni mwa Septemba maji bado yanakaribia nyuzi 20 wakati pepo za vuli zinaanza. Walinzi wa fukwe huondoka siku hizohizo, kwa hiyo nenda na kundi lenye mwalimu, tena siku ya mawimbi ya magotini. Kisha endelea kila wiki kadiri maji yanavyopoa. Mwili utazoea hatua kwa hatua, na ikifika mwisho wa Oktoba utajua mwenyewe kama Novemba ni yako. Wengine huishia Oktoba na furaha yao imetimia.

Kabla ya hayo muone daktari ana kwa ana kama una shinikizo la damu, tatizo lolote la moyo, pumu, ujauzito, au vidole vinavyogeuka rangi na kufa ganzi ukishika kitu cha baridi. Mwenye selimundu (sickle cell) asiingie kabisa bila ruhusa ya daktari wake, kwa kuwa baridi huweza kuamsha maumivu makali. Kama hujui hali yako ya selimundu, omba upimwe. Ni kipimo cha damu tu, na sisi wa Pwani tunao ugonjwa huo katika koo zetu.

Ukitoka majini, jua kwamba joto la ndani linaendelea kushuka kwa muda. Vua suti mahali pasipo upepo, jikaushe, vaa nguo kavu nyingi, kofia kwanza, kunywa chai ya moto yenye sukari. Pombe hapana, na usikimbilie bafu la maji ya moto ukiwa bado unatetemeka sana, maana unaweza kuanguka kwa kizunguzungu. Usiendeshe gari hadi mtetemo uishe. Mwenzako akianza kujikwaa, kusema maneno yasiyoeleweka au kukasirika bila sababu, siku imekwisha, mtoeni. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi, au anasinzia, piga 911 papo hapo, mlaze, mfunike, msimsugue. Aliyemeza maji akikohoa au kuhema kwa shida saa kadhaa baadaye, hospitali. Ganzi ya vidole isiyoisha siku ya pili, au malengelenge, hospitali pia.

Mwambie mume wako aje naye ufukweni Septemba. Mpe ufunguo wa gari, chupa ya chai, na chupa ya pili ya maji ya vuguvugu ya kumimina kwenye glavu na viatu kabla hujavivaa. Suti kodi kwanza, mara mbili tatu, ujue ipi inakukaa. Ukiwa tayari kununua, niandikie urefu wako, uzito wako na kipimo cha kifua, nitakuambia saizi ya kuanzia kujaribu.